Mtoto Ameelewa au Amekariri? Ramani za Dhana katika Madarasa ya Shule ya Msingi

(Hotuba iliyosomwa na walimu wa shule ya msingi mbele ya wazazi na waumini, msikitini, baada ya Sala ya Alasiri. Tunaichapa kwa faida ya jamaa za misikiti mingine.)



Hatukuja kuomba mchango wa fedha, hivyo wale wanaotazama mlango na wakae kwa raha. Tumekuja kujibu lawama.

Lawama yenyewe ilianza hivi. Katika muhula uliopita mzee mmoja alikuja shuleni na daftari ya sayansi ya mjukuu wake wa darasa la nne. Akaifungua mbele yetu, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akasema: "Mwanangu mwalimu, sisi tulisoma mpaka darasa la saba la zamani, na daftari zetu zilijaa maandishi. Ya mtoto huyu imejaa viduara na mishale. Je, ada tunayolipa ni ya kuchora?" Tukamwambia, "Shikamoo mzee wetu, swali lako ni la haki, lakini jibu lake halitoshi kutolewa hapa mlangoni." Baada ya yeye wakaja wengine. Mzazi mmoja amekwisha mhamisha mtoto wake, na wawili wametujulisha kwamba watafanya hivyo mwaka ukimalizika. Kwa hiyo tunalo deni la maelezo, na deni hilo tunalilipa leo mbele ya wote.

Hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe, kwani viduara vile havikuzuka hivi hivi.

Mwaka uliotangulia tulifundisha mada ya malaria kwa namna ambayo sote hapa tulifundishwa. Mwalimu aliandika ubaoni, watoto wakanakili, kisha wakaimba kwa pamoja: malaria ni ugonjwa unaosababishwa na mbu, dalili zake ni homa, kutetemeka, kuumwa kichwa, kinga yake ni kulala ndani ya chandarua na kufukia madimbwi. Tulipowapa jaribio, karibu wote walifaulu vizuri. Tukafurahi, na wazazi waliposaini daftari nao wakafurahi.

Wiki mbili baadaye mwalimu mmoja kati yetu, ambaye siku hiyo alikuwa akishika zamu ya darasa lile, aliwauliza swali la njiani tu. Aliwaambia: tuseme mbu amemuuma Ali, na mbu huyo tangu azaliwe hajapata kumuuma mtu yeyote mwingine. Je, Ali ataugua malaria kwa sababu ya mbu huyo? Takriban darasa zima lilijibu ndiyo. Waliojibu sawasawa walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Akaendelea kuwauliza: je, mtu anaweza kupata malaria bila ya kuumwa na mbu? Mmoja akasema anaipata mtu akinyeshewa mvua. Mwingine akasema kwa kula maembe mabichi. Wa tatu, tena aliyekuwa na alama za juu kabisa katika lile jaribio, akasema kwa kunywa maji ya dimbwi, maana ndimo mbu wanamokaa.

Ndugu zetu, lile lilitufedhehesha. Watoto hawakutudanganya. Walitupatia maneno yale yale tuliyowapa, neno kwa neno, nasi tukayahesabu kuwa ni elimu. Kumbe chini ya maneno hayo fikra zao za awali zilibaki pale pale, hazikuguswa. Na jambo hili si la shuleni tu. Mtoto anayeamini kwamba malaria huletwa na mvua hataona haja ya chandarua wakati wa kiangazi, na kesho atakuwa baba au mama mwenye kumwuguza mtoto wake kwa imani hiyo hiyo.

Ndipo tulipoanza kutafuta njia, na katika kutafuta tukakutana na kile kinachoitwa ramani ya dhana.

Asili ya ramani hii inafaa kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa sababu imetokana na tatizo lile lile tulilokuwa nalo sisi. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Cornell kilichoko mji wa Ithaca, jimbo la New York, mtaalamu wa elimu aitwaye Joseph Novak na wenzake walianzisha uchunguzi juu ya watoto wa madarasa ya kwanza na ya pili. Walitaka kujua iwapo mtoto wa miaka sita au saba anaweza kufahamu mambo ya msingi ya sayansi, kwa mfano kwamba vitu vyote vimeundwa kwa chembechembe ndogo mno. Watoto 191 walipewa masomo yaliyoandaliwa maalumu, yakisikilizwa kwa kanda za sauti huku mtoto akishika vitu kwa mikono yake. Wengine 48 hawakupewa masomo hayo. Kisha makundi yote mawili yakafuatiliwa kwa mahojiano ya ana kwa ana kwa muda wa miaka 12, mpaka wale waliobaki walipofika mwisho wa shule ya sekondari. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991: waliopata masomo yale wakiwa wadogo walionekana kuwa na ufahamu zaidi na fikra potofu chache kuliko wenzao, hata baada ya miaka yote hiyo.

Lakini hapo katikati watafiti walikwama. Kila mahojiano yaliandikwa, na maandishi yakawa marundo. Ukisoma kurasa kumi za maneno ya mtoto mmoja, utajuaje ni kipi hasa kilichobadilika katika ufahamu wake tangu mwaka jana? Mnamo 1972 wakabuni namna ya kuyaweka maneno ya mtoto katika mchoro: kila dhana ndani ya kisanduku au duara, na kati ya dhana mbili mstari wenye neno linaloeleza uhusiano wake. Kwa hiyo ramani ya dhana haikuanzishwa kama pambo la daftari. Ilianzishwa kama taa ya kumulika yaliyomo kichwani mwa mtoto. Baadaye ndipo ilipoonekana kwamba mtoto mwenyewe akiichora, inamsaidia kujifunza. Mwaka 1984 Novak na mwenzake Bob Gowin walitoa kitabu kuhusu jambo hilo, na tangu hapo njia hii imeenea katika nchi nyingi.

Msingi wa fikra hiyo waliuchukua kwa mwanasaikolojia David Ausubel, aliyeandika katika miaka ya 1960. Yeye alitenganisha kujifunza kwa kukariri na kujifunza kwa maana. Anayejifunza kwa maana huunganisha jambo jipya na lile alilokuwa akilijua. Kwa hiyo, kwa mujibu wa Ausubel, kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuchunguza mwanafunzi amekuja na nini darasani, kisha amfundishe kuanzia hapo. Sisi tulifanya kinyume. Tulimwaga mbegu bila ya kuangalia shamba lina nini.

Sasa tuwaoneshe jambo lenyewe, maana maneno matupu hayatoshi. Chukueni mada ile ile ya malaria. Mwalimu huanza kwa swali moja, nalo huandikwa juu ubaoni: "Malaria humfikiaje mtu?" Hilo huitwa swali la msingi, na kazi yake ni kuzuia ramani isitawanyike kila upande. Kisha darasa zima hutaja maneno yanayohusika: malaria, mbu, mgonjwa, vimelea, damu, mtu mzima wa afya, dimbwi, mayai, chandarua, homa. Kumi au kumi na mawili yanatosha kwa umri wao. Kila neno huandikwa kwenye kipande cha karatasi. Watoto hukaa watano watano juu ya mkeka, wanavipanga vile vipande, lile neno pana likiwa juu na yale madogo yakiwa chini, wanahamisha, wanabishana, wanahamisha tena. Wakiridhika ndipo wanapochora mishale. Na juu ya kila mshale sharti kuwe na neno. Mshale usio na neno hatuupokei.

Hilo neno la juu ya mshale ndiyo roho ya jambo zima, nasi tunawaomba wazazi mlizingatie kuliko viduara. Kundi moja waliandika: mbu — husababisha — malaria. Kwa macho ya jaribio letu la zamani, hilo ni sahihi kabisa na lina alama zake. Mwalimu akawauliza: "Na vimelea mmeviweka wapi?" Vilikuwa pembeni, peke yake, havina mshale. Hawakujua vinahusiana na nini. Hapo, kwa mara ya kwanza, tuliliona lile kosa kwa macho yetu. Halikuwa tena limefichwa nyuma ya wimbo. Kazi ikawa kuvitafutia vimelea mahali pake. Baada ya mabishano yao, na baada ya mwalimu kuwasimulia namna mbu jike wa aina ya anofelesi anavyofyonza damu ya mgonjwa usiku, ramani ikabadilika: mgonjwa — ana — vimelea — katika — damu, mbu — hufyonza — damu, mbu — hubeba — vimelea, vimelea — husababisha — malaria. Neno "husababisha" lilihama kutoka kwa mbu likaenda kwa vimelea, na mbu akapewa neno "hubeba". Mabadiliko hayo ya maneno mawili ndiyo tofauti baina ya mtoto aliyekariri na mtoto aliyeelewa. Ukimwuliza huyu wa pili juu ya Ali na mbu wake, anakujibu mwenyewe: mbu yule atavitoa wapi vimelea, na hajamfyonza mgonjwa?

Ilimchukua binadamu muda mrefu kulijua jambo hili. Daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliviona vimelea katika damu ya mgonjwa mwaka 1880, na Ronald Ross akaviona ndani ya mbu mwaka 1897. Miaka 17 ilipita kati ya duara moja na jingine. Si ajabu basi mtoto wa darasa la nne akihitaji vipindi viwili vya dakika arobaini.

Kisha huja mishale ya kuvuka, ile inayounganisha upande mmoja wa ramani na upande mwingine. Dimbwi lilikuwa chini kushoto pamoja na mayai. Chandarua kilikuwa kulia pamoja na mtu mwenye afya. Mtoto mmoja, msichana ambaye kwa kawaida hazungumzi darasani, alichora mshale mrefu kutoka chandarua hadi mgonjwa na kuandika "humfaa pia". Wenzake wakacheka: mgonjwa amekwisha ugua, chandarua cha nini? Akajibu: ili mbu wasichukue vimelea kwake wakawapelekea wengine. Sisi walimu tulitazamana. Hatukuwa tumelifundisha hilo, na wala halikuwamo katika maandishi yetu ya ubaoni.

Hapa tunapenda kuongeza neno juu ya lugha yetu, kwa sababu vitabu vya wageni havikulisema na tumeligundua katika kazi. Kiswahili kinaifaa mno njia hii. Kwa kawaida kitenzi chetu hubeba alama ya ngeli: mbu anabeba, vimelea vinaishi, damu inazunguka, na mtoto mdogo hupoteza nguvu nyingi katika kupatanisha hayo. Lakini ile hali ya mazoea, yenye "hu" mwanzoni, haijali ngeli. Hubeba, huishi, huzunguka: ni moja kwa wote, na maana yake ndiyo hasa inayotakiwa, yaani jambo lililo la kawaida na la kudumu. Kwa hiyo tumewafundisha watoto waandike maneno ya mishale kwa "hu". Kadhalika, vinyambuo vyetu humlazimisha mtoto afikiri juu ya mwelekeo wa mshale. "Huambukiza" na "huambukizwa na" hazichorwi upande mmoja. "Huzaa" si "huzaliana katika". Mtoto akikosea kinyambuo, mshale wenyewe utamsuta. Tumeona darasa likinufaika katika sarufi ya Kiswahili ndani ya kipindi cha sayansi, na hilo hatukulitarajia.

Ndugu zetu, baadhi yenu mtasema, na wapo waliokwisha sema: je, ninyi walimu sasa mnapinga kukariri? Mbona watoto hawa hawa jioni wanakwenda madrasa kuhifadhi Qur'ani Tukufu, na kuhifadhi ni kukariri?

Swali hili ni zito na tunaliheshimu. Hatupingi kuhifadhi, wala hakuna miongoni mwetu ambaye hakuanza kwa kuhifadhi. Maneno ya Kitabu hayana budi kuhifadhiwa kama yalivyo, herufi kwa herufi, na kwa kazi hiyo ramani ya dhana haifai kitu. Haifai pia kwa jedwali la kuzidisha, wala kwa mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza silabi. Huko ni kurudia tu, na tena kurudia. Lakini maelezo ya mwalimu kuhusu malaria si aya. Ni maneno yetu wenyewe tuliyoyaandika kwa chaki, na kama tungeyaandika kwa mpangilio mwingine yangekuwa na maana ile ile. Kumtaka mtoto ayahifadhi maneno yetu kana kwamba ni kitu kitakatifu, hilo ndilo kosa.

Na hata madrasani, wazee wetu wanajua kwamba kuhifadhi ni mlango, na fahamu ni nyumba. Wanazuoni wa hadithi tangu zamani walipanga majina ya wapokezi kwa mifululizo, fulani kutoka kwa fulani, na mifululizo hiyo ikichorwa hutoa mti wenye matawi, ambapo kila uzi una maana yake: huyu alisikia kwa yule. Majuzi ustadhi wa madrasa yetu alijaribu somo la udhu kwa njia hii, akiweka udhu juu, na chini yake nguzo, sunna na yanayoutengua, na maneno ya mishale yakawa "hukamilika kwa", "hupendezeshwa na", "hubatilika kwa". Anasema kuna watoto waliokuwa wakitawadha kwa miaka mitatu bila ya kujua ni lipi wakiliacha udhu hausihi na ni lipi wakiliacha unasihi. Hayo ni maneno yake, na ataweza kuyaeleza mwenyewe vizuri kuliko sisi.

Pia ni haki kuwaambia ushahidi wa wataalamu, pamoja na ule usiotupendelea.

Katika bara letu, wataalamu wa Nigeria wamelishughulikia jambo hili tangu zamani. Mwaka 1990 Olugbemiro Jegede, Folusho Alaiyemola na Peter Okebukola walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi 51 wa sekondari katika somo la baiolojia. Waliotumia ramani za dhana walifanya vizuri zaidi kuliko waliofundishwa kwa maelezo ya kawaida, na hofu ya somo ilipungua, hasa kwa wavulana. Huko Panama, katika muongo wa kwanza wa karne hii, serikali ilianzisha mradi mkubwa wa kuwazoesha walimu wa shule za msingi kutumia ramani hizi, shabaha yake ikiwa shule 1,000. Na mwaka 2018 wataalamu waliokusanya tafiti nyingi, zenye ulinganisho 142 na washiriki 11,814, walikuta kwamba kwa ujumla wanaojifunza kwa ramani hupata zaidi, na kwamba faida ni kubwa kwa anayeichora mwenyewe kuliko kwa anayepewa ya kusoma. Hili la mwisho tulishike, tutalirudia.

Kwa upande wa pili, mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Purdue, Jeffrey Karpicke na Janell Blunt, walichapisha jaribio lao juu ya wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilichora ramani huku kitabu kikiwa wazi mbele yao. Kundi jingine lilisoma, likafunga kitabu, likajaribu kukumbuka na kuandika, kisha likarudia. Baada ya wiki moja, waliofunga kitabu waliwashinda waliochora ramani. Wapo waliosema kwamba hapo ramani za dhana zimeangushwa. Sisi tulijifunza jambo jingine: ramani ichorwe kitabu kikiwa kimefungwa. Ndivyo tunavyofanya sasa. Mtoto huchora kwanza kwa kukumbuka, kisha hufungua kitabu na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Na walimu wa madrasa, ambao humwamrisha mtoto afunge msahafu na asome kwa moyo, hawakuhitaji kusubiri mwaka 2011 ili kulijua hilo.

Sasa makosa yetu katika kuitumia njia hii, maana nayo yapo, na baadhi ya lawama zenu zimetokana nayo.

Kosa la kwanza lilikuwa uvivu wetu. Darasa lina watoto wengi, muda ni mchache, na mwalimu huona wepesi kuchora ramani nzuri ubaoni na kuwaambia wanakili. Ukifanya hivyo umewapa wimbo mwingine, tofauti ni kwamba huu umeandikwa kwenye viduara. Ile daftari aliyoileta mzee wetu, tulipoitazama baadaye kwa makini, ilikuwa na ramani tatu za namna hiyo, zinazofanana na za watoto wote. Mzee, katika hizo tatu ulikuwa na haki. Tumekubaliana walimu wote kwamba ramani mbili zinazofanana kila kitu katika darasa moja ni dalili ya kosa la mwalimu.

La pili, tulisahihisha kwa kuangalia uzuri. Mtoto mwenye rula na kalamu za rangi alipata alama, na mwenye kipande cha penseli akakosa. Tumeacha. Sasa tunasoma kauli moja moja: duara, neno, duara. Kauli ikiwa ya kweli inapata alama, hata kama duara limepinda kama kiazi. La tatu, tuliongeza ramani bila ya kupanga muda wa insha, na mtoto akafika mwezi mzima hajaandika aya iliyokamilika. Hilo ndilo lililowatia wasiwasi wengi wenu, nasi tunakiri. Kuanzia muhula huu kila ramani inafuatwa na maandishi: mtoto anaitazama ramani yake na kuiandika kwa sentensi zilizounganika, ukurasa mmoja. Tumeona kwamba wale waliokuwa wakikaa na kalamu mdomoni hawajui waanzie wapi, sasa wana pa kuanzia.

Kuhusu upimaji wa darasa la nne, ambao ndio hofu kubwa ya kila mzazi aliyekaa hapa, hatutawaahidi alama. Mtihani hauwaulizi watoto kuchora ramani. Tunachoweza kusema ni kwamba swali likigeuzwa kidogo tu kutoka namna lilivyo kitabuni, aliyekariri hubaki bila jibu. Mtoto wetu aliyepata alama za juu katika jaribio la malaria alitufundisha hilo.

Kuna msaada ambao mzazi anaweza kuutoa, tena hata asiyejua kusoma. Mtoto akirudi na ramani yake, mwambie akae karibu nawe, aweke kidole juu ya mshale mmoja na akusomee, kisha umwulize: "Kwa nini umeandika hilo neno?" Basi. Usimsahihishe. Akieleza vizuri, amefahamu. Akigugumia, mwambie kesho amwulize mwalimu. Mama mmoja alituambia kwamba kwa njia hii amejua mwenyewe kwa nini mume wake aliyelala na malaria alipaswa kuwekewa chandarua, na alikuwa akidhani kwamba kimechelewa.

Mwisho kabisa ni habari ya vifaa. Hatuhitaji kompyuta, ingawa ipo programu ya kuchorea ramani hizi, CmapTools, iliyotengenezwa na taasisi moja ya utafiti iliyoko Pensacola, Florida, na hutolewa bila malipo. Sisi tunahitaji karatasi. Kalenda za ukutani za mwaka uliopita zina upande wa nyuma mweupe na mpana, na maboksi ya dukani yakikatwa hutoa vipande vingi vya kupangia. Sanduku limewekwa karibu na mlango wa upande wa wanawake, na jingine kule panapowekwa viatu vya wanaume. Ramani za watoto zenyewe, nzuri na mbovu, tumezitundika katika ukumbi wa madrasa, na kila moja ina watoto wake watano wamesimama pembeni. Tunawaomba mpite huko kabla ya Magharibi, mchague mshale mmoja, na muwaulize. Mzee wetu mwenye ile daftari amekubali kuwa wa kwanza, na mjukuu wake anamsubiri.